MAISHA YA GRACE HOPPER, MAMA ALIYETAKA PROGRAMU MOJA ITUMIKE KATIKA MASHINI ZOTE



Ni desturi nzuri kusoma maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kututangulia. Safari hii sisi wa mwaka wa mwisho tumemchagua mama mmoja wa Marekani, Grace Hopper, aliyezaliwa mwaka 1906 na kufariki mwaka 1992. Labda wengine watauliza: kwa nini mtu wa mbali hivyo? Jibu letu ni hili. Kompyuta, ambazo hapa Kisangani wengi wetu huziita ordinatere, zinaingia mjini kutoka kila upande. Moja ni mpya, nyingine ilikwisha kuchoka Ulaya kabla ya kupakiwa. Moja inaendeshwa na Windows, nyingine Linux, na simu iliyo mfukoni mwa kaka ni Android. Kila mmoja wetu amekwisha kuona kazi iliyoandikwa vizuri katika mashini moja, halafu inakataa kufunguka katika nyingine, ao inafunguka na maandishi yamevurugika kama mchele uliomwagika. Tumezoea kusema mashini ni mbovu, basi. Lakini maisha ya huyu mama yanatufundisha kuuliza swali lingine: je, programu ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu, ao kwa ajili ya mashini moja tu?

UTOTO NA MASOMO

Jina lake la kwanza lilikuwa Grace Brewster Murray. Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika mji wa New York, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake alifanya kazi ya bima. Mama yake alipenda hesabu. Baba aliugua mishipa hata akakatwa miguu, na alitaka mabinti zake wapate elimu sawa na ya mwana wake wa kiume, ili kila mmoja aweze kujitegemea. Wakati ule wazazi wa namna hiyo hawakuwa wengi.

Alipokuwa na miaka saba, Grace alitaka kujua saa ya kengele inafanya kazi namna gani. Akaifungua. Vyuma vikaruka, akashindwa kuirudisha. Akachukua saa ya pili apate kuona vizuri, halafu ya tatu, mpaka akamaliza saa saba za nyumba ile. Mama yake alipogundua, hakumpiga. Alimwachia saa moja tu ya kuchezea. Tunadhani wazazi wengi wa kwetu wangefanya vingine!

Alipotaka kuingia Chuo cha Vassar akiwa na miaka 16, walimkataa, kwa sababu alama zake za Kilatini hazikutosha. Wenzetu wanaosumbuka na Kilatini wafurahi kusikia hivyo, lakini wasifurahi sana, maana yeye alikaa chini akajifunza, na mwaka uliofuata akakubaliwa. Alimaliza mwaka 1928 katika hesabu na fizikia. Akaenda Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1934 akapata udaktari wa hesabu. Katika miaka ile mwanamke mwenye udaktari wa hesabu alikuwa kama nyota ya mchana. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, mwalimu, na hapo ndipo alipopata jina tunalolijua. Ndoa yao iliisha mwaka 1945, hawakuwa na watoto.

Tangu 1931 alikuwa mwalimu wa hesabu palepale Vassar. Wanafunzi wake walishangaa, kwa maana aliwaandikisha insha. Walilalamika kwamba wamekuja kujifunza hesabu, si lugha. Yeye akawaeleza kwamba hesabu isiyoweza kuelezwa kwa mtu mwingine haina faida. Tukumbuke neno hili, kwa sababu kazi yake yote iliyofuata inatoka hapo: mwenye kujua lazima aweze kumfikia asiyejua.

VITA NA MASHINI KUBWA

Desemba 1941 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Pili. Grace alitaka kuingia Jeshi la Majini, kama babu wa mzazi wake aliyekuwa admirali. Wakamkataa. Umri wake ulipita miaka 34, tena alikuwa mwembamba, kilo 7 chini ya kipimo. Tena walisema mwalimu wa hesabu anafaa zaidi akibaki darasani. Hakuchoka kuomba. Mwishoni mwa 1943 alipewa ruhusa, akaingia jeshi la akiba la wanawake. Katika mafunzo alikuwa wa kwanza katika kundi lake, juu ya kusoma pamoja na wasichana waliokuwa kama wanafunzi wake wa jana.

Julai 1944 walimtuma Chuo Kikuu cha Harvard, kwa bwana Howard Aiken. Huko akaona kitu ambacho hajapata kukiona: mashini ya kuhesabu yenye urefu wa zaidi ya meta 15, uzito wa karibu tani 5, nyaya za karibu kilometa 800 na vipande zaidi ya 700,000. Jina lake lilikuwa Mark I. Ilijumlisha mara tatu kwa sekunde moja, na kuzidisha kuliichukua karibu sekunde sita. Leo simu ndogo kabisa ya sokoni inaipita mbali sana, lakini wakati ule ilikuwa ajabu.

Kuiagiza kazi kulikuwa shida. Kila agizo lilitobolewa kama matundu katika utepe wa karatasi. Tundu moja likikosewa, hesabu yote inaharibika. Grace na wenzake, Richard Bloch na Robert Campbell, waliandika katika madaftari yao vipande vya programu vilivyokwisha kupimwa na kuonekana kuwa sahihi. Mmoja akihitaji kipande, aliomba daftari la mwenzake akanakili. Kumbe huo ndio mwanzo wa maktaba ya programu! Maktaba ya vitabu inatuepusha kuandika upya kila kitabu tunachotaka kusoma. Maktaba ya programu inamwepusha mtu kutunga upya kila hesabu anayoihitaji.

Lakini Grace aliona magonjwa mawili. La kwanza, binadamu hawezi kunakili bila kukosea. La pili, kipande kikihamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine, namba za mahali pa kila kitu zilibidi zihesabiwe upya, na hapo tena watu walikosea kujumlisha. Akaanza kuwaza: kunakili na kujumlisha ndizo kazi ambazo mashini inazijua. Kwa nini tusiiachie yenyewe?

Hapa lazima tuseme jambo zito. Katika mwaka ule wa 1944 mtaalamu John von Neumann alileta Harvard hesabu ngumu sana, na kikundi cha Grace kikamsaidia kuipitisha katika Mark I. Hawakuambiwa ni ya nini. Baadaye ilijulikana kuwa ilikuwa hesabu ya bomu la atomu, la namna ya lile lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Na sehemu kubwa ya uraniumu ya kazi ile ya mabomu ilichimbwa kwetu, Shinkolobwe, Katanga. Tunaliandika kwa sababu maisha ya mtu hayaandikwi nusu. Mashini haiulizi inahesabu nini. Anayepaswa kuuliza ni binadamu.

Vita vilipokwisha alibaki Harvard. Mwaka 1946 kilitoka kitabu cha maelezo ya Mark I, chenye kurasa zaidi ya 500, na kazi kubwa ya kukiandika ilikuwa yake. Wengi wanajua kisa cha nondo. Tarehe 9 Septemba 1947 mashini ya pili, Mark II, ilisimama. Mafundi wakakuta nondo amebanwa katika swichi moja. Wakambandika katika daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Marekani mpaka leo. Watu husema Grace ndiye aliyemkuta na ndiye aliyeanzisha desturi ya kuita kosa la mashini mdudu. Si kweli. Neno lile lilikuwapo zamani, na nondo alikutwa na wenzake. Yeye alipenda tu kukisimulia, na kila alipokisimulia kilizidi kujulikana.

MASHINI INAYOTAFSIRI

Mwaka 1949 aliacha Harvard, akaingia kampuni ya Eckert na Mauchly huko Philadelphia, iliyokuwa inatengeneza kompyuta iitwayo UNIVAC. UNIVAC ya kwanza ilikabidhiwa mwaka 1951 kwa ofisi ya serikali inayohesabu watu.

Mwaka 1952 Grace alimaliza kazi aliyokuwa akiiwaza. Alikusanya vipande vyote vya programu katika utepe, akakipa kila kimoja namba yake, kama vitabu katika rafu. Kisha akatunga programu ambayo ukiipa orodha ya namba inakwenda yenyewe kwenye maktaba, inachukua kila kipande, inarekebisha mahali pake, na kuviunganisha vyote kuwa programu moja. Aliiita A-0. Programu za namna hii zinaitwa kompaila, maana yake mkusanyaji. Ile ya Grace ilikuwa ya kukusanya tu, na bado haikuwa mkalimani kamili, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Je, walimshangilia? Hata kidogo. Wakubwa walimwambia kompyuta inajua hesabu tu, haiwezi kutunga programu. Kitu kilikuwa kinafanya kazi mbele ya macho yao, na hawakutaka kukigusa. Wanafunzi, tulitafakari jambo hili. Mara nyingi tunadhani ukionyesha kitu chenye kufaa watu watakipokea mara moja. Grace alilazimika kuzunguka miaka mingi, akionyesha, akieleza, akirudia.

Baadaye aliendelea mbele zaidi. Alisema moyoni: watu wa ofisi na wa maduka hawapendi alama za hesabu, wao hutumia maneno. Basi kompyuta ipokee maneno, na kompaila iyageuze kuwa matundu na namba. Kikundi chake kikatengeneza lugha iitwayo FLOW-MATIC, yenye amri za maneno ya Kiingereza. Karibu na mwaka 1955, alipotaka kuwaonyesha wakubwa kwamba mashini haina kabila, alichukua programu moja ndogo akaiandika kwa maneno ya Kiingereza, kisha ya Kifaransa, kisha ya Kijerumani. Zote tatu zilifanya kazi ileile. Wakubwa wakaogopa kabisa! Waliona haiwezekani kompyuta iliyotengenezwa Pennsylvania ijue Kifaransa na Kijerumani. Ikabidi awaahidi kwamba atatumia Kiingereza tu.

Sisi tunaosoma kwa Kifaransa, tunaouza sokoni kwa Kiswahili na Lingala, na tunaoongea na bibi kwa Kilokele, Kikumu ao Kitopoke, tunacheka na kusikitika pamoja. Mashini haikujua Kiingereza hata siku moja. Kila neno linageuka namba kabla ya kuifikia. Amri ingeweza kuandikwa kwa Kiswahili na mashini isingeona tofauti. Waliokataa walikuwa watu.

PROGRAMU MOJA, MASHINI MBILI

Tunafika sasa kwenye kiini cha habari yetu. Katika miaka ile kila kampuni ilitengeneza kompyuta kwa namna yake, na programu ya moja haikueleweka kwa nyingine. Ofisi ikibadilisha mashini, programu zote zilibidi ziandikwe upya. Ni kama mizigo ya mto wetu: mashua ikifika Kisangani haiwezi kupita maporomoko ya Wagenia, kwa hiyo mizigo ishushwe yote, ipakiwe katika gari la moshi kilometa 125 mpaka Ubundu, halafu ishushwe tena ipakiwe mashua nyingine. Reli ile ilifunguliwa mwaka 1906, mwaka aliozaliwa Grace. Kila kushusha na kupakia ni gharama, ni kuchelewa, na kitu fulani huvunjika ao hupotea.

Mwaka 1959 watu wa kampuni mbalimbali na wa serikali waliamua kutafuta lugha moja itakayoeleweka katika kompyuta zote. Mwito wa kwanza ulitoka kwa mama mwingine, Mary Hawes. Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliyokuwa na mashini za kila namna, ikakubali kuita mkutano mwezi Mei 1959. Lugha iliyotoka iliitwa COBOL. Grace hakuitunga yeye peke yake. Alikuwa mshauri, na wenye kuandika walikuwa kamati, pamoja na mama mwingine hodari, Jean Sammet. Lakini FLOW-MATIC ya Grace ndiyo iliyokuwa mfano mkubwa wa kazi ile.

Tarehe 6 na 7 Desemba 1960 wakafanya majaribio. Programu karibu ileile moja ya COBOL iliendeshwa katika kompyuta ya kampuni ya RCA, na pia katika UNIVAC ya kampuni ya Remington Rand. Mashini mbili za mafundi wawili wanaoshindana, ndani haziko sawa hata kidogo, na zote mbili zikatii karatasi moja. Wizara nayo ikatangaza kwamba haitanunua wala kukodi kompyuta isiyo na COBOL, isipokuwa fundi athibitishe kwamba mashini yake haina haja nayo. Ndipo makampuni yote yakafuata.

Inawezekanaje? Tutumie mfano wa hapa kwetu. Walokele wa kando ya mto, kuanzia Yakusu kwenda Isangi, walipeleka habari kwa ngoma ya mti uliochongwa tundu. Mwalimu John Carrington, mmisionari wa Yakusu, aliandika kitabu juu yake mwaka 1949. Ngoma ile ina midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mmoja wa sauti ya chini. Ngoma kubwa na ngoma ndogo hazilingani sauti, mti si mmoja, fundi si mmoja. Lakini habari inapita kijiji kwa kijiji bila kupotea, kwa sababu kila ngoma, iwe kubwa ao ndogo, imekubali sharti moja: kuwa na juu na chini. Mpigaji hafikirii mti, anafikiria juu na chini. COBOL ilifanya hivyohivyo. Mwandishi hakufikiria nyaya za RCA wala za UNIVAC. Alifikiria maneno yaliyokubaliwa, na kila kampuni ilitoa kompaila ya kuyageuza kwa ajili ya mashini yake.

ALIRUDISHWA KAZINI

Mwisho wa mwaka 1966, akiwa na miaka 60, jeshi lilimstaafisha kwa ajili ya umri. Alisema siku ile ilikuwa ya huzuni kuliko zote. Haikupita miezi nane, Agosti 1967 wakamwita tena. Kwa nini? Kwa sababu COBOL ilikuwa imeanza kuharibika. Kila kampuni iliongeza maneno yake ya pembeni ili mnunuzi asiweze kuhama. Kwa karatasi lugha ilikuwa moja. Kwa vitendo zilikuwa nyingi. Walimwita kwa miezi sita. Alikaa karibu miaka 19.

Alifanya nini? Hakuandika barua za kulalamika. Pamoja na kikundi chake alitengeneza mitihani. Ilikuwa programu za kupima, ambazo kila kompaila ililetewa izijibu. Ikikosa jibu, mwenye kuiuza alijulikana mara moja. Kwa sisi tunaosubiri mtihani wa Serikali ni habari ya kueleweka kabisa. Ahadi peke yake haikuwa kitu, hata ikiwa imetiwa sahihi. Lazima kuwe na kipimo kimoja kwa wote, na kila mmoja apite humo. Tunaona kazi hii ni kubwa kuliko kisa cha nondo, ingawa haisimuliwi sana.

MWALIMU MPAKA MWISHO

Katika uzee wake alisafiri kila mahali akifundisha. Aligawa vipande vya waya vya urefu wa karibu sentimeta 30, akieleza kwamba huo ndio mwendo wa umeme, ukienda kasi kabisa, katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mtu aliyeshika waya ule alielewa kwa nini kompyuta yenye mwendo lazima iwe ndogo. Ofisini mwake alitundika saa inayozunguka kinyumenyume, ili kila aingiaye aone kwamba desturi si amri. Hasira yake kubwa ilikuwa juu ya watu wanaokataa jambo jipya kwa sababu tu zamani halikufanywa hivyo.

Mwaka 1969 chama kimoja cha watu wa kompyuta kilianzisha zawadi ya mwanaume wa mwaka. Mtu wa kwanza kuipata akawa Grace! Mwaka 1983 alifanywa komodoro, na 1985 admirali. Alistaafu tarehe 14 Agosti 1986 mjini Boston, juu ya meli ya zamani USS Constitution, akiwa na miaka 79, ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi lile. Hapo pia hakulala. Aliingia kampuni ya Digital kama mshauri. Mwaka 1991 serikali ilimpa nishani ya taifa ya ufundi. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akiwa na miaka 85, akazikwa Arlington kwa heshima za kijeshi. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimpa Nishani ya Uhuru baada ya kifo chake.

KAZI YAKE LEO

COBOL ilisifiwa na pia ilisemwa vibaya. Wataalamu wengi waliiona ndefu, yenye maneno kupita kiasi. Hata hivyo mabenki na ofisi nyingi za dunia zinaitumia mpaka leo.

Lakini urithi mkubwa ni wazo lenyewe. Leo shida si ya RCA na UNIVAC tena. Ni ya mifumo ya uendeshaji, yaani ile programu kubwa inayotawala mashini: Windows, Linux, Android, macOS na nyinginezo. Kila mfumo una namna yake ya kufungua dirisha, kuchora picha, kutoa sauti, kuhifadhi kazi. Mtunzi wa programu angelazimika kuandika mara nne, mara tano. Ndiyo maana mafundi wametengeneza maktaba za kusimama katikati. Programu inaiomba maktaba: fungua dirisha. Maktaba inaangalia iko katika mfumo gani, na inageuza ombi lile kwa lugha ya hapo. Maktaba mojawapo ni Qt, iliyoanzia Norway na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1995. Programu ya VLC, ambayo wengi wetu tunaangalia nayo filamu, huitumia kwa vifungo na madirisha yake katika kompyuta. Nyingine ni SDL ya mwaka 1998, inayotumiwa sana katika michezo.

Ni daftari lilelile la Harvard, lakini sasa linazunguka dunia nzima. Mtu mmoja anaumia kichwa mara moja, na maelfu wanatumia kazi yake bila kuumia.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mwenye fedha, programu ikimkataa, hununua mashini nyingine. Sisi tunatumia ile iliyopatikana. Kwa hiyo programu inayokubali mashini yoyote, mpya na nzee, kwa tajiri ni raha, kwetu ni njia ya kusoma. Tunawaomba wenzetu wafanye mambo matatu.

Kwanza, tunapoandika kazi ya darasa, tuihifadhi kwa namna inayofunguka katika mashini nyingi, na tujaribu kuifungua katika mashini ya pili kabla ya kumpelekea mwalimu. Huo ndio mtihani wa Grace.

Pili, dada zetu wasiogope sehemu ya hesabu na ya kompyuta. Wengi wanaambiwa ni kazi ya wanaume. Tumeona majina hapa: Grace Hopper, Mary Hawes, Jean Sammet. Kazi hii ilikuwa na mama zake tangu mwanzo, na wakaka wanaocheka dada akikaa mbele ya mashini waache, maana wanacheka bila kujua historia.

Tatu, anayejua asifiche daftari lake. Kuna wanafunzi wakijua njia ya hesabu wanafunika karatasi kwa mkono mzima. Kama Bloch na Campbell wangefunika madaftari yao, labda tungali tunatoboa matundu.

Sisi tutaondoka shuleni mwaka huu. Ninyi mnaobaki, tunawaachia madaftari yetu yaliyo safi, yako kwa kiongozi wa wanafunzi. Anayetaka anakili, na akiona kosa alisahihishe kwa ajili ya atakayefuata.

Tunawatakia masomo mema.

Viongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho